Ugonjwa Hauna Ofu

Tarehe 24 Januari 1943, Waitaliano watatu walitoroka kambi ya wafungwa wa vita ya Waingereza, Nanyuki. Hawakuwa wanakimbilia nyumbani, maana Italia ilikuwa mbali na vita vilikuwa katikati. Walikuwa wanaenda kupanda Mlima Kenya, na walimwachia mkuu wa kambi barua kwamba watarudi. Felice Benuzzi ndiye aliyekuja kuiandika safari hiyo kitabu. Vincenzo Barsotti aliugua njiani akabaki akiwangoja wenzake. Wa tatu, Giovanni Balletto, alikuwa daktari.

Vifaa vyao vilitokana na vyuma vya kuokota na kamba za vitanda. Ramani hawakuwa nayo. Walitegemea, pamoja na macho yao, picha ya mlima iliyochapishwa kwenye karatasi ya kopo la chakula. Batian, kilele cha mita 5,199, kiliwashinda. Tarehe 6 Februari Benuzzi na Balletto walifika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao. Kisha wakashuka, njaa ikiwauma, wakajirudisha kambini. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao. Mkuu wa kambi akazipunguza zikawa saba, kwa kuheshimu ujasiri wao wa kimichezo.

Huwa tunaisimulia hadithi hii kama kituko cha vijana wenye vichwa vigumu. Mimi humfikiria Balletto. Kazi ya daktari ni kulinda mwili wa binadamu, na huyu aliupeleka mwili wake mahali ambapo hewa ni nyepesi, chakula hakitoshi na kamba si ya kuaminika. Alikuwa na haki hiyo?

Swali hili si la 1943 pekee. Rafiki yangu ni daktari katika hospitali moja hapa Nyeri. Akipata siku mbili za ofu zinazofuatana halali. Anabeba mkoba wake na kupanda matatu ya Naro Moru. Wakati fulani mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe aliniuliza, bila hasira, "Sasa kijana, huyo daktari wenu anaenda kutembea msituni na watu wanaumwa?"

"Ni ofu yake, mama," nikasema.

"Ugonjwa hauna ofu."

Sikuwa na jibu. Kisheria nilikuwa sawa, lakini sentensi yake ilikuwa nzito kuliko yangu. Mtu ambaye mumewe yuko wodini haoni ratiba ya shifti. Anaona kiti kitupu.

Nusu ya lalamiko lake si ngumu kujibu. Daktari ni mtu, na mtu huchoka. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na mwingine ukaja mwaka 2024, siku 56. Mishahara ilikuwa sehemu kubwa ya ugomvi, lakini nyuma yake kulikuwa na jambo ambalo kila aliyewahi kulala kwenye benchi la hospitali ya umma analijua: wagonjwa ni wengi na mikono ni michache. Kiti kikiwa kitupu siku ya ofu, kosa ni la aliyetakiwa kuajiri mtu wa pili. Kumdai daktari mmoja afidie upungufu wa serikali kwa usingizi wake ni kumwonea, na mwisho wa siku ni kumwonea mgonjwa pia, kwa sababu mkono uliochoka hukosea.

Nusu ya pili ndiyo inayonisumbua. Kupumzika, sawa. Lakini kwa nini mlimani? Kwa nini asipumzike mahali pasipoweza kumuua, au kumuua mtu mwingine?

Septemba 1970 madaktari wawili vijana kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na kilele cha Batian. Jiwe liling'oka, Judmaier akaanguka, mguu ukavunjika hadi mfupa ukatoka nje. Oelz alimfunga kidonda, akashuka peke yake kutafuta msaada, akapanda tena kukaa naye. Waokoaji wa Kenya walipanda na dawa na kamba, na baadaye kikosi kikaja kutoka Innsbruck. Baada ya zaidi ya wiki moja kwenye mwamba, Judmaier alishushwa akiwa hai.

Lakini rubani mmoja Mmarekani, Jim Hastings, alikuja kusaidia na helikopta yake. Ikaanguka mlimani, akafa.

Yaani watu wawili walienda kufurahia, na wa tatu, ambaye hakuwa kwenye furaha hiyo, ndiye aliyelipa. Hapa ndipo "ni maisha yake, mwache" inapovunjika. Mlima haujui mpaka wa maisha ya mtu mmoja. Ukining'inia kwenye mwamba, watu wema watakuja, na hatari uliyojichagulia itakuwa yao.

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams aliandika mwaka 1976 kuhusu bahati katika maadili. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba uamuzi wetu mara nyingi huhesabiwa haki au hukosa haki baadaye, kwa matokeo ambayo hatukuyamiliki. Tukimfuata, tunaweza kujaribu kumtetea Oelz hivi: alikuja kuwa bingwa wa tiba ya milimani, na mwaka 1989 alikuwa miongoni mwa watafiti walioonyesha kwamba nifedipini, dawa ya presha, husaidia mtu ambaye mapafu yake yamejaa maji kwa sababu ya mwinuko. Maradhi hayo yanaweza kumpata mtu kwenye mlima wetu huu, hasa anayepanda haraka haraka. Basi si hesabu imelipika?

Mimi nasema hapana. Kwanza, Hastings hakuwa ada ya utafiti. Hatuwezi kumweka kwenye mizani na watu waliookolewa na kidonge kisha tukasema salio ni zuri. Pili, utetezi huo unaidharau furaha yenyewe. Unasema kupenda mlima ni halali tu ukizaa kitu cha manufaa, kama vile kila saa ya mwanadamu lazima iwe na risiti. Balletto hakugundua dawa yoyote kule Lenana. Alichokipata ni kwamba kwa majuma mawili hakuwa namba ya mfungwa. Hilo linatosha.

Furaha, kwa hiyo, haihitaji kujitetea. Inachohitaji ni kujua nani anaibeba. Wazee wetu waliuita mlima huu Kirinyaga na kuufanya makao ya Ngai. Ulielekewa katika sala, haukuwa uwanja wa michezo. Sidai turudi huko. Ila walikuwa na jambo moja sisi tumelipoteza: walijua kwamba mtu hapandi kule kwa niaba yake peke yake.

Ndiyo maana ninampima mpanda mlima kwa maswali madogo kuliko ya ushujaa. Amejiandikisha getini? Pota anayembebea mzigo ana koti na viatu kama vyake, au anapanda na sweta la mitumba? Hali ya hewa ikibadilika, yuko tayari kugeuka kilele kikiwa mbele ya macho? Mtu anayejibu maswali hayo vizuri bado anaweza kufa, na bado mwingine anaweza kufa akimtafuta. Deni halifutiki kwa sababu ulikuwa mwangalifu, wala kwa sababu aliyekuja alikuja kwa hiari. Hastings alikuja kwa hiari. Uangalifu na hiari huonyesha tu kwamba deni ulilijua kabla hujaondoka nyumbani.

Kwa yule mama nimepata jibu ambalo ningependa kumpa. Ni kweli, ugonjwa hauna ofu, na kwa sababu hiyo hiyo anayepambana nao lazima awe nayo, popote roho yake inapopata hewa. Lakini akiwa huko juu asisahau kwamba kuna mtu chini anayehesabu siku hadi arudi.