Haki ya Aliyeteleza Dukani

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Enyi ndugu zetu Waislamu, liko katika masoko yetu jambo ambalo watu walidhani dogo, nalo si dogo. Mtu aingia dukani kununua haja yake. Sakafu imemwagika mafuta, au imepigwa maji na hapana aliyeonywa. Ateleza, aanguka, avunjika mkono. Mwenye duka amwinua, amtia shilingi chache kiganjani, kisha amwambia, "Pole, ni kadari ya Mungu." Yule maskini arudi kwake, na miezi yapita hawezi kushika kasia wala nyundo, na watoto wamtazama yeye.

Kwamba ni kadari, hatubishi. Hapana liwalo ila kwa kadari. Walakin, je, kadari yaondoa dhamana? Lau ingeiondoa, asingelazimiwa dia mtu aliyeua kwa kukosea. Na Mwenyiezi Mungu katika Suratun-Nisaa ameiwajibisha dia hiyo juu ya kosa lisilokusudiwa. Basi asemaye, "Sikukusudia," amejitoa katika dhambi ya kusudi, hakujitoa katika haki ya mwenziwe.

Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafii hawakuliacha jambo hili bila ya kulieleza. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 Hijria, ametaja katika Minhaji mas-ala mawili yatutoshayo. La kwanza ni la maganda ya tikiti yaliyotupwa njiani: akiteleza mtu akaumia, kauli iliyo sahihi ni kuwa aliyeyatupa ana dhamana. Na mashekhe waliosherehesha wakasema: ila aliyeumia akiwa aliyaona, akayakanyaga kwa kusudi, hapo hana wa kumdai. La pili ni la mtu aliyechimba kisima katika daka la nyumba yake, kisha akamwita mtu asiyejua, naye akatumbukia: kauli iliyo dhahiri zaidi ni kuwa mwenye nyumba ana dhamana, japokuwa nyumba ni yake na kisima ni chake.

Ewe mwenye duka, tazama! Mlango ulioufungua asubuhi ni mwito. Umemwita mnunuzi naye hajui kilichomwagika ndani. Basi hali yako yakaribia sana na hali ya yule mwenye daka.

Ama kadiri ya malipo, haikuachwa kwa huruma ya mlipaji wala kwa hasira ya mlipwaji. Dia kamili ya mwanamume ni ngamia 100. Mkono uliopotea una nusu yake, ngamia 50; kidole ngamia 10; jino ngamia 5; na jeraha la kichwani au la usoni lililofikia hatta mfupa ukaonekana, ngamia 5. Lakini mfupa wa mkono au wa mguu uliovunjika ukaungika hauna kiwango kilichotajwa. Huu hukadiriwa kwa hukuma: hutazamwa thamani ya aliyeumia lau angekuwa mtumwa mzima, na thamani yake kwa hali ya sasa. Ikiwa thamani imeshuka kutoka 10 hatta 9, hulipwa sehemu moja katika kumi ya dia, yaani ngamia 10. Wala hukuma haifikishwi kiwango cha kiungo chenyewe. Na haikadiriwi ila baada ya jeraha kupona, kwani kabla ya hapo haijulikani lililobaki. Leo utumwa umeondoka, alhamdulillahi, lakini njia yafahamika: mtu mwenye ujuzi apime kilichopungua, na malipo yafuate kipimo.

Tena jueni kuwa katika Kenya Kadhi hahukumu madai haya. Katiba ya mwaka 2010 imempa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Madai ya kuumia huenda katika mahakama nyingine za serikali, nayo huhesabu gharama ya tabibu, pato lililokosekana na maumivu, na hupunguza kwa kadiri ya kosa la aliyeumia mwenyewe. Muda wake ni miaka 3. Anayengoja aibu imtoke huenda akaikuta haki imemtoka kabla yake. Na suluhu baina ya Waislamu ni kheri, maadamu aliyeumia ajua kiasi cha haki yake kabla ya kusamehe; wala asitiwe kidole katika karatasi asiyoweza kuisoma, naye yu juu ya kitanda cha hospitali.

Nawe uliyeumia, mche Mungu. Usichechemee mbele ya hakimu mguu uliokwisha kupona. Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa mwenye kuhukumiwa haki ya nduguye kwa ufasaha wa ulimi wake amekatiwa kipande cha moto. Nanyi mliokuwapo mkaona, msifiche ushahidi kwa kuchelea deni lenu dukani. Qurani imeutaja moyo wa mwenye kuuficha kuwa una dhambi.

Kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Kitambaa cha kupangusia sakafu na neno moja la kuonya ni rahisi kuliko ngamia 10. Na ngamia 10 ni rahisi kuliko kufika Kiyama na sala, saumu na zaka, kisha zikagawiwa waliodhulumiwa hatta zikesha, na mwenyewe akabaki muflisi.

Ewe Mola, tuokoe na haki za waja wako kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu. Amin. Wallahu aalam.