Nyuma ya Kigae

Kijana mmoja wa Nhica do Rovuma, kaskazini mwa Msumbiji, tumwite Mpwa kwa kuwa ndivyo fundi mzee wa pale alivyozoea kumwita, alirudi kwao na hamu moja tu: bafu. Alikuwa kibarua wa ujenzi upande wa Palma mpaka shambulio la waasi la Machi 24, 2021 lilipowatawanya watu, naye akakimbia na nguo alizovaa. Kichwani alibaki na picha ya kuta nyeupe zinazong'aa, na ya bodi za kijivu ambazo mafundi walizifunga kwenye fremu kabla ya kubandika vigae. Bodi hizo aliziona zikipita mabegani mwa wenzake. Yeye hakuwahi kuzibeba, na hilo ndilo lililomponza.

Nyumba yake ilikuwa ya miti na fito, imekandikwa udongo. Siku moja alipata bodi za jipsamu zilizobaki kwenye dari ya mtu, kwa bei ya chee. Akaona mambo yamejipa, kwani bodi si bodi? Akazipigilia misumari kwenye miti ya bafu, akapaka gundi, akapanga azulejo zake, yaani vigae kwa Kireno, mstari kwa mstari.

Fundi mzee akapita, akasimama mlangoni.

"Mpwa wangu, nyuma ya hivi umeweka nini?"

"Bodi, mjomba. Kama zile za Palma."

"Zile hubebwa na watu wawili wakihema. Hizi nilikuona umezibeba kichwani huku unapiga mluzi."

"Lakini kigae hakipitishi maji, mjomba."

"Hakipitishi. Na kati ya kigae na kigae?"

Kijana akacheka kwa adabu, akamkaribisha chai.

Mzee alikuwa ameuliza swali lote la kazi hii. Uso wa kigae haunywi maji, ila maungio yake ya saruji hunywa, kidogo kidogo, kila mtu akioga. Maji hayo yakipita hukuta kilichoko nyuma. Bodi ya jipsamu ni jasi iliyobanwa katikati ya karatasi mbili, ikilowa hulainika. Udongo nao hunenepa ukilowa na kusinyaa ukikauka, wakati kigae kimekakamaa palepale. Mafundi wa kale wa pwani walijua kupachika vyombo ukutani: makaburi ya nguzo ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, yalipambwa kwa sahani za Kichina. Lakini wao walizipachika kwenye mawe na chokaa, na jiwe halinenepi masika.

Kiangazi chote majirani walikuja kutazama bafu. Mvua zilipoanza, kigae kimoja kikigongwa kwa kidole kilitoa sauti ya debe tupu. Kisha vitano. Usiku mmoja mstari mzima ukaporomoka, na mama mtu akaamka akidhani mwizi.

Asubuhi Mpwa alilaumu gundi. Mzee akaokota kigae, akakigeuza: mgongoni kilikuwa kimeng'ang'aniwa na karatasi ya bodi, haibanduki hata kwa kisu. Gundi ilishika kweli, ilishika karatasi. Jasi ilikuwa imekuwa kama mkate uliosahauliwa kwenye chai, na ndani ya miti mchwa walikwisha kuhamia.

Safari ya pili walianza chini. Walibomoa upande ule, wakajenga mistari miwili ya tofali za saruji, juu yake fremu ya mbao iliyopakwa dawa. Bodi za saruji, zile za kijivu za Palma, zilivuka mto kutoka Mtwara, Tanzania, na safari hii Mpwa alizibeba mwenyewe. Walizifunga kwa skrubu zisizoshika kutu, kila baada ya sentimita 20 hivi, wakaacha mwanya wa milimita tatu kati ya bodi na bodi, na chini wakaziinua kidogo zisikanyage sakafu yenye maji. Maungio wakayaziba kwa utepe wa wavu na gundi ya vigae.

Mpwa akataka kubandika papo hapo. Mzee akamshika mkono. Bodi ya saruji haiozi, alimwambia, lakini maji huipitia yakaifikia mbao. Wakaipaka dawa ya kuzuia maji mara mbili, ya kwanza ikikauka ndipo ya pili, na pembeni wakaongeza.

Hapo fedha ya gundi ikaisha. Mama akaanza kuoga humo hivyo hivyo, kuta zikiwa tupu. Masika ikaja, ikapita. Mpwa alipopata fedha na kumwambia mama kwamba sasa anamalizia kazi, mama alipitisha kiganja ukutani, akakitazama kikiwa kikavu.

"Vigae vya nini tena, mwanangu?"

Maboksi sita yako bado chini ya kitanda.