Saa za Ndege, Miaka ya Kusubiri

Kutoka Kakuma, kambi ya wakimbizi ya Turkana nchini Kenya, hadi Minneapolis, Marekani, ukiufuata mviringo wa dunia, ni kama kilomita 12,500. Ndege iendayo kilomita 900 kwa saa ingezimaliza kwa saa kumi na nne. Hesabu ni sahihi, ila hakuna mkimbizi aliyewahi kuisafiri.

Wavulana wa Sudan walioingia Turkana mwaka 1992 walikuwa wameshatembea hadi Ethiopia, wakatimuliwa huko mwaka 1991, wakarudi kwa miguu Sudan, ndipo wakavuka mpaka. Mwishoni mwa 2000 Marekani ikaanza kuwachukua, karibu 3,800. Kijana alisoma jina lake ubaoni, kwenye orodha ya wanaoondoka, akapanda ndege amekumbatia mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi IOM, za Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, na ndani yake karatasi zake zote. Angani ni saa. Mbele ya ubao ule ilikuwa miaka minane, tisa.

Safari yake ihesabiwe wapi?

Mafakihi wa Kiislamu walilichimba swali hili kabla ya kuwapo ndege, maana musafiri huruhusiwa kupunguza sala za rakaa nne ziwe mbili. Wahanafi walishika muda: mwendo wa siku tatu, kwa miguu au kwa ngamia. Mashafii, madhehebu ya Waislamu wengi wa Pwani na ya Wasomali wa Kakuma, walishika masafa: marhala mbili, ambazo leo hukadiriwa kilomita 80 na ushei. Lodwar hadi Kakuma, kilomita 120 hivi, zinatosha na kubaki.

Je, anayeruka Nairobi hadi Lodwar, kama kilomita 500 kwa saa moja na nusu, amekaa kivulini na maji baridi mkononi? Naye hupunguza, wanasema wanazuoni wengi: ruhusa imefungwa kwenye safari, haikufungwa kwenye uchovu. Ni jibu la busara, kwani uchovu nani angeupima?

Ugumu uko kwenye kusubiri. Kwa Mashafii, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, ukitoa ya kufika na ya kuondoka, si musafiri tena. Anayetazamia kuondoka wakati wowote, haja yake ikitimia tu, ameachiwa siku kumi na nane. Sasa mchukue mtu aliyeingilia Nadapal, pale mpakani, akisema moyoni kwamba bunduki zikinyamaza atarudi. Siku zake kumi na nane zilikwisha zamani, na nia haijabadilika. Adhuhuri anatandika mkeka, anaswali rakaa nne, mkaazi kama wakaazi wengine.

Kisha apate mgonjwa wa kumwona Lodwar. Kwenye kizuizi cha polisi ataulizwa kibali cha kutoka kambini, kama mgeni aliyeshuka jana.