Shetani Hakai Kwenye Spika

Maiki inapopiga mluzi katikati ya mahubiri, makanisa yetu mengi yana jibu tayari: adui amekasirika, hataki neno lipite. Mhubiri anakemea, kusanyiko linaitikia, na fundi mitambo anahangaika na vitufe mpaka mluzi ukatike. Jibu hilo lina sura ya imani, ila nadhani kwa imani yenyewe ni kasoro. Chanzo cha mluzi kinajulikana. Maiki imeinasa sauti ya spika na kuirudisha kwenye amplifaya, amplifaya imeikuza na kuitoa tena kwenye spika, na mzunguko unajirudia haraka mno hadi mlio mmoja unameza yote. Mhubiri akipita mbele ya spika, au mwimbaji akifunika kichwa cha maiki kwa kiganja, italia tu, awe mtakatifu au mlevi. Maiki nne za kwaya zikiachwa wazi wakati anahubiri mtu mmoja, hatari inaongezeka: kila maiki zilizo wazi zinapozidi maradufu, fundi anapoteza takriban desibeli 3 za nafasi ya kukuza sauti. Anayemsingizia shetani kosa la mpangilio anajivua wajibu, na gharama wanailipa waliokaa benchi la mwisho.

Hapo ndipo swali linapokuwa la kidini. Je, kusikika ni ufundi tu, au ni sehemu ya ibada? Mimi nashika la pili. Katika Nehemia 8, Ezra anasimama juu ya mimbari ya mti iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, na Walawi wanawafafanulia watu hadi waelewe. Hakuna aliyeona maandalizi hayo kuwa upungufu wa kiroho. Paulo, katika 1 Wakorintho 14, anathamini maneno matano yanayoeleweka kuliko maelfu yasiyoeleweka, na katika Warumi 10 anaifungamanisha imani na kusikia. Ikiwa ndivyo, basi mama mzee aliyekaa nyuma, ambaye ameambulia mngurumo tu tangu somo la kwanza, amenyimwa kitu ambacho kanisa lilikuwa na deni la kumpa.

Lakini deni hilo halilipwi kwa kupandisha sauti, na hapa ndipo kamati nyingi hupotea. Katika usemi, nguvu nyingi ya sauti imo kwenye irabu, ilhali maana inabebwa sana na konsonanti, ambazo ni nyepesi na fupi. Ndani ya jengo la bati tupu, sakafu ya saruji na kuta za plasta, mwangwi wa irabu iliyotangulia huifunika konsonanti inayofuata. Mtu husikia “-ata” asijue kama ni pata, kata au tata. Ukiongeza sauti, mwangwi nao unaongezeka kwa kadiri ileile. Mwaka 1895 mwanafizikia Wallace Sabine alianza kuchunguza ukumbi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambamo mihadhara haikueleweka. Alihamishia humo mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapima jinsi mwangwi ulivyopungua kadiri mito ilivyoongezeka. Dawa yake ilikuwa vitambaa. Kisha sisi, ndani ya jengo linalorudisha kila neno, tunawasha eko kwenye miksa ili mhubiri asikike mwenye upako!

Wako watakaosema wahubiri wa zamani hawakuwa na mitambo, na Roho alitenda. Ni kweli. Mwanasayansi Benjamin Franklin aliipima sauti ya mhubiri wa karne ya 18, George Whitefield, akihubiri mtaani Philadelphia, akakadiria kwamba zaidi ya watu 30,000 wangeweza kumsikia. Lakini Whitefield alikuwa nje, hakuna bati la kumrudishia maneno, na sauti yake ilikuwa ya nadra. Habari hiyo inathibitisha kwamba mahali na matamshi vina uzito. Haithibitishi kwamba uzembe ni imani. Wengine wataleta Zaburi 150 na matoazi yake yenye kishindo. Sina ugomvi na shangwe. Sifa zina haki ya kuvuma, ingawa jirani mwenye mtoto mchanga naye ana haki ya kulala, na Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009. Mahubiri ni kazi nyingine, maana yasipofahamika hayajafanyika. Hoja ya fedha ndiyo nyepesi kuliko zote: kuzima maiki zisizotumika, kuzisogeza spika mbele ya mimbari na kuleta maiki karibu na kinywa hakugharimu kitu.

Wazee wa kanisa, kabla ya kuchangisha fedha za spika kubwa zaidi, mpelekeni mchungaji Jumamosi akae benchi la mwisho, mtu asome sura moja mimbarini. Asipoifuata, nunueni mapazia mazito kwanza, na mumpe fundi mitambo nafasi ya kusema kwenye kikao.