Wasifu wa Marehemu

Usiku wa msiba, wakati akina mama wako jikoni na vijana wanafunga turubai uani, watu watatu au wanne hukaa pembeni na daftari. Wamepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu: alizaliwa lini na wapi, alisoma shule gani, alifunga ndoa mwaka gani, alifanya kazi wapi, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Asiyewahi kuifanya kazi hiyo hudhani ni ya nusu saa, kumbe aghalabu huvuka usiku wa manane. Mtoto wa kwanza anajua mwaka wa ndoa, lakini hajui baba aliajiriwa lini. Mdogo wa marehemu anakikumbuka kijiji walichokulia, lakini hakuwahi kuambiwa kwa nini kaka yake alikihama. Mjane anajua chakula alichokipenda mumewe na upande aliolalia, ila jina la rafiki aliyemtaja kila alipopatwa na huzuni limempotea. Kalamu inasimama, wanatazamana. Aliyekuwa na majibu yote wangeweza kumuuliza juzi.

Mtu akiugua muda mrefu, watoto huja kumuuguza, na katika kukaa huko maneno hutoka. Mzee husimulia ya ujana wake, huwataja wanaomdai, huomba asamehewe, naye husamehe. Kifo cha ghafla hakitoi nafasi hiyo. Waombolezaji hufarijiana kwamba angalau hakuteseka, nami naamini hiyo ni rehema kwake. Waliobaki, hata hivyo, wanaachwa na maswali waliyoyaahirisha kwa sababu walimwona kila siku.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800, na baadhi yao wamelala katika makaburi ya Igoma, Mwanza. Meli ilikuwa imejaza kupita uwezo wake, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa wameorodheshwa majina. Kila ninapoufikiria msiba ule, nakwama kwenye jambo hilo la majina. Pasipo na orodha, aliyeweza kusema fulani alikuwamo ni mtu wa nyumbani kwake: mke aliyeambiwa safari ni leo, dada aliyemfungia ndugu yake mzigo, jirani aliyemsindikiza hadi gatini. Na katika misiba ya namna hiyo, mwili ukipatikana hutambuliwa kwa shati, kwa pete, kwa kovu la utotoni. Kitambulisho cha mwisho cha binadamu kinakuwa kile ambacho mtu mwingine alikitazama vizuri akiwa hai. Msafiri ambaye hakuna aliyekuwa amemtazama, nani angekwenda kumuulizia?

Tumezoea kuambiwa tuishi na wapendwa wetu kana kwamba kila siku ni ya mwisho. Ushauri huu ni wa zamani sana. Epictetus, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyewahi kuwa mtumwa, alifundisha kwamba unapombusu mwanao ujikumbushe moyoni kuwa unambusu kiumbe kinachokufa, ili siku ya kufa kwake usitikisike. Naiheshimu nia yake, lakini siwezi kuufuata. Mtoto anayebusiwa hivyo amekwisha kuanza kuombolezwa, na hakuna nyumba inayoweza kubeba buriani kila asubuhi kati ya chai na kutafuta soksi za shule. Mimi ningeomba kitu kidogo zaidi: tuwe na hamu ya kuwajua.

Desturi zetu zina mlango wa jambo hili. Waislamu wengi, mtu akikaribia kwenda Hija, huwapitia jamaa na majirani kuomba radhi. Na kwenye mazishi, msemaji wa familia hutangaza kwamba aliyekuwa akimdai marehemu ajitokeze. Deni la fedha lina utaratibu wake na lina warithi wa kulilipa. Swali ambalo mtoto hakumuuliza mama yake halirithiwi na yeyote. Angeweza kumuuliza nani alimpa jina, alitamani kuwa nani kabla hajaolewa, mtoto yule aliyefariki mchanga alifanana na nani. Wengi wetu tunajua bei ya dawa za mama kuliko tunavyojua majibu hayo. Sisemi hivyo kulaumu watu wanaohangaika kuzitafuta hizo dawa. Kumtunza mzazi ni upendo mkubwa. Nasema tu kwamba mtu anaweza kutunzwa miaka mingi bila kuulizwa kitu.

Najua kuna atakayejibu kwamba kumjua mtu namna hiyo kutazidisha maumivu akiondoka. Ni kweli, kutayazidisha. Binti aliyezisikia hadithi zote za babake atalia zaidi kuliko yule aliyejua mshahara wake na namba yake ya simu. Lakini siku ya arobaini, watu wakishakula na wajukuu wakaanza kuuliza babu alikuwa mtu wa namna gani, binti huyo ndiye watakayemgeukia, naye atakuwa na la kuwaambia mpaka usiku uingie.