Udongo wa Thange na Haki ya Jirani



Enyi ndugu zetu, kila mmoja wetu ajua ya kuwa mwenye kukosa maji hutayamamu kwa udongo. Sheria imeupa udongo cheo cha kumtoharisha mja, kwa sharti uwe safi, usiochanganyika na kitu kingine. Twauliza basi: mtu wa Thange atatayamamu kwa nini?

Thange ni bonde lililoko Kibwezi, katika Makueni. Mwezi wa Mei 2015 bomba lililokuwa likichukua mafuta kutoka Mombasa kwenda Nairobi tangu mwaka 1978 lilivuja pale. Petroli ikazama ardhini, ikaingia mtoni na visimani, katika maji ambayo watu wakiyanywa, wakinyweshea mifugo na kumwagilia mashamba. Ndani ya petroli mna benzeni, sumu iletayo saratani ya damu. Tena mafuta huelea juu ya maji yaliyo chini ya ardhi, yakasafiri nayo polepole, hata kisima cha mbali kikaharibika watu wakidhani mambo yamekwisha.

Mwezi wa Julai 2025, mahakama ya mazingira na ardhi ya Makueni iliiamuru kampuni ya Kenya Pipeline iwalipe wakaazi zaidi ya 3,000 fidia ya shilingi bilioni 3.8, na pia iisafishe ardhi. Watu wote walizungumza fedha; amri ya pili wachache waliitaja. Nasi twaona hiyo ndiyo nzito. Vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii, katika mlango wa ghasbu, vyasema aliyeondoa udongo wa shamba la mtu hulazimishwa aurudishe, au alete mfano wake, na aliyechimba shimo alifukie. Je, aliyeutia sumu?

Wala kusafisha si muhali. Udongo huchimbuliwa, ukatandazwa na kutiwa mbolea, ukageuzwa mara kwa mara upate hewa, ili vijidudu visivyoonekana viyale mafuta. Maji ya chini nayo huvutwa, mafuta yakaenguliwa. Ni kazi ya miaka, na kumwaga kifusi kipya juu ya udongo mbovu ni kuficha tu.

Asiseme mtu wa Mombasa kuwa Makueni ni mbali, na kwamba wengi wa watu wake si wa dini yetu. Jirani ana haki yake japokuwa si Muislamu, na mafuta yale yalipita bandarini kwetu. Hapa hapa mjini, Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichofungwa mwaka 2014, kiliacha risasi katika udongo na katika damu za watoto. Mahakama ya Juu ilithibitisha fidia yao Desemba 2024. Na risasi hailiwi na kijidudu chochote. Udongo wake sharti uondolewe au uzuiliwe usiwafikie watu.

Na gereji zetu za mitaani, zimwagazo oili chafu mchangani kila jioni, karibu na visima vya misikiti, wenyewe ni akina nani kama si sisi?