Mirambo Machoni pa Adui Wake

Mumiani wa hadithi hana mama wala kwao. Hutokea usiku, hunyonya damu, hutoweka. Msikilizaji hauliza alilala wapi wala alimwogopa nani. Kiumbe wa namna hiyo hutisha kwa kuwa hutazamwa kutoka upande mmoja tu. Mirambo wa Unyamwezi alikuwa mtu wa nyama na damu, walakini kwa muda mrefu alisimuliwa vivyo hivyo. Hata jina lake la vita husemwa kuwa maana yake ni maiti.

Mwaka 1871 aliifunga njia ya misafara iendayo Ujiji. Waarabu wa Tabora walimwendea kwa vita, na Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akaingia upande wao. Walishindwa. Mwezi wa Agosti Tabora yenyewe ilishambuliwa, sehemu yake ikateketezwa, na Khamis bin Abdallah akauawa. Katika kitabu alichokitoa Stanley mwaka 1872, Mirambo ni mnyang'anyi. Ndivyo aonavyo mtu ambaye mizigo yake imezuiwa njiani.

Atazamaye kutoka Urambo huona mambo mengine. Mtemi kutoza hongo msafara upitao katika nchi yake ilikuwa desturi ya njia nzima tangu pwani. Tena Waarabu walikwisha kumwondoa Mnywa Sere katika utemi wa Unyanyembe na kumsimika Mkasiwa mahali pake. Jirani mwenye akili alikuwa na haki ya kujiuliza zamu yake ingefika lini. Hayo hayarudishi hata nyumba moja iliyochomwa. Yaonyesha tu kwamba mkono ulioshika kijinga cha moto ulikuwa wa mtu, mwenye hofu na hesabu zake.

Aprili 1876 Stanley alikutana naye Serombo. Alimkuta mtu mtulivu, mpole wa maneno, mwenye adabu. Wakachanjana, wakawa ndugu wa damu. Stanley hakuona haya kuyaandika hayo, na kwa hilo astahili sifa. Lakini je, aliyebadilika ni Mirambo, au ni haja ya Stanley? Mwaka 1871 mtemi alikuwa kizuizi. Mwaka 1876 alikuwa mtu ambaye urafiki wake uliisalimisha njia. Huruma ijayo pamoja na faida yapasa kupimwa, si kutupwa, maana jicho la mwenye haja nalo huweza kuona kweli.

Lililo zito zaidi ni kwamba uso mmoja ukishaangazwa, nyuso nyingine huzidi kuingia gizani. Mirambo alikufa Desemba 1884, na Dar es Salaam kuna mtaa wenye jina lake. Wanawake na watoto waliochukuliwa mateka na rugaruga wake walikuwa nao na mama zao na kwao, wala hawakumfungia mtu njia. Stanley hakuchanjana na yeyote kati yao.